Faili liko kwenye seva, barua iko kwenye kivinjari: kinachotokea ukibonyeza klipu

Draivu Z: unayoiona kwenye kompyuta ya ofisini haimo ndani ya kompyuta hiyo. Ni folda iliyoko kwenye seva ya kampuni, iwe ya Windows au ya Linux yenye Samba (programu inayoshea folda kwa kompyuta za Windows), ikapewa herufi ili usihangaike kukariri anwani yake. Baruapepe unayoisoma kwenye kivinjari nayo haimo kwenye kompyuta yako. Iko kwenye seva nyingine, huenda chumba cha pili, huenda Ulaya. Seva hizi mbili hazijuani. Kompyuta yako ndiyo tarishi anayebeba bahasha kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na karibu kila lalamiko la viambatisho ninaloletewa linaeleweka mara moja ukishamwona tarishi huyo.

Ukibonyeza alama ya klipu, ile ya kuambatisha faili, na kuchagua mkataba ulioko Z:, faili linashuka kutoka seva ya mafaili hadi kwenye kompyuta yako, kisha linapanda kwenda seva ya barua. Ukiwa ofisini huhisi kitu, kwa kuwa waya wa ndani una kasi. Ukiwa nyumbani kwa VPN, njia ya siri ya intaneti inayokuunganisha na mtandao wa ofisi, hesabu inabadilika. Faili la MB 20 ni megabiti 160, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde, kupandisha peke yake kunakula sekunde 40 kama hakuna kingine kinachopita, na kabla ya hapo faili lilikwisha safiri kushuka kutoka ofisini. Kama VPN yenu inapitisha kila kitu, mzigo huo huo unarudi ofisini kwanza ndipo utoke kwenda kwenye seva ya barua. Kwa hiyo ukiwa nje, nakili faili kwanza hadi kwenye Desktop, hakikisha limefunguka, kisha liambatishe kutoka hapo. Mtandao ukikatika utajua ni safari ipi iliyokwama. Nakala ya siri uifute ukimaliza.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kubandika njia ya faili ndani ya ujumbe, mfano \\seva1\uhasibu\mikataba\pango.pdf, akadhani ameambatisha. Mpokeaji wa nje anapata maandishi matupu. Hata mwenzako wa dawati la pili akiibonyeza ndani ya kivinjari haitafunguka, kwa sababu Chrome na Firefox huzuia ukurasa wa wavuti kufungua mafaili ya mtandao wa ndani. Itambidi ainakili na kuibandika kwenye dirisha la folda.

Uzuiaji huo una maana. Ukurasa wa wavuti haupaswi kujua diski yako ina nini, na kivinjari kinalinda hilo kwa ukali: hata ukichagua faili mwenyewe, ukurasa hauambiwi lilikotoka. Ukurasa ukiuliza, unapewa njia ya kubuni, C:\fakepath\pango.pdf, haidhuru faili lilitoka draivu gani. Microsoft waliwahi kuziba pengo hili upande wa seva: Exchange 2007, seva yao ya barua, ilikuwa na sehemu ndani ya Outlook Web Access (ukurasa wake wa kusomea barua) iliyofungua folda za seva ya mafaili, kwa kusoma tu. Toleo la 2010 likaiondoa.

Njia ya faili uliyonayo mkononi bado ina kazi, ila mahali pengine. Kwenye Windows 11 bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Copy as path (Windows 10 shikilia Shift kwanza). Rudi kwenye baruapepe, bonyeza klipu, na dirisha la kuchagua faili likifunguka bandika njia hiyo kwenye kisanduku cha jina la faili, kisha Enter. Alama za nukuu zinazokuja nayo hazina tatizo. Unaepuka kupekua folda kumi, na unaepuka hatari kubwa zaidi ya kuchagua faili la jina linalofanana katika folda ya jirani.

Folda za pamoja zina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni faili dogo linaloanza na ~$. Mwenzako akifungua waraka wa Word au Excel, programu inaweka faili hilo dogo, kama kufuli, kuonyesha nani ameufungua. Kwa kawaida limefichwa, lakini kwenye baadhi ya seva linaonekana. Ukiona kiambatisho cha KB 1 chenye ~$ mbele ya jina, umetuma kufuli, waraka wenyewe umebaki. La pili ni faili kubadilishwa wakati linapanda. Mhasibu akihifadhi jedwali lake katikati ya safari, Chrome husimamisha kazi na kutoa ERR_UPLOAD_FILE_CHANGED. Seva haijaharibika: faili ulilochagua si lile tena. Nakili kwanza, ambatisha nakala.

Sasa ukubwa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa IT na watumiaji wanapolaumiana bure.

Barua pepe hubeba maandishi. Faili lolote lisilo maandishi hugeuzwa kwa base64: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, na kila mstari wa herufi 76 unaongezewa alama mbili za mwisho wa mstari. Baiti 57 zinakuwa 78, yaani ongezeko la karibu asilimia 37. Postfix, programu ya seva inayopokea na kutuma barua, ikiachwa ilivyotoka kiwandani inapokea ujumbe usiozidi baiti 10,240,000. Gawa kwa 1.37: faili halisi linalopita ni kama MB 7. Mtumiaji ameambiwa mwisho ni MB 10, faili lake ni MB 8, linakataliwa. Ana haki ya kulalamika.

Tena mipaka iko mingi, na ulio mdogo kuliko yote ndio unaotawala. Chukua Roundcube (ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari) iliyokaa juu ya nginx (seva ya wavuti), PHP (lugha inayoiendesha) na Postfix. Nginx isiposetiwa inapokea MB 1 tu, ikizidi inarudisha kosa 413. PHP inaruhusu faili la MB 2 na fomu nzima ya MB 8. Ndipo ije Postfix. Mkitaka faili la MB 20 lipite bila shida, ninaweka hivi:

client_max_body_size 25m (nginx)
upload_max_filesize = 20M (PHP)
post_max_size = 25M (PHP)
message_size_limit = 31457280 (Postfix)

Angalia pia max_message_size ya Roundcube isiwe chini ya hapo. Baada ya kubadili, anzisha upya php-fpm (huduma inayoendesha PHP), si nginx peke yake. Wengi husahau hili na kurudi kwenye php.ini mara tatu wakitafuta kosa lisilokuwepo. Siku mtakayopandisha kikomo cha ujumbe zaidi, kumbukeni mailbox_size_limit ya Postfix, ambayo huanzia baiti 51,200,000 na haitakiwi kuwa ndogo kuliko kikomo cha ujumbe.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kikomo cha PHP kinapima faili moja, Postfix inapima ujumbe mzima. Kwa mipangilio hii, ukiambatisha moja moja mafaili matatu ya MB 8, kila moja linapanda vizuri, na kosa linatokea ukibonyeza kutuma: 552, ujumbe umezidi. Na hata seva yenu ikikubali, ya mpokeaji ina kikomo chake. Gmail ya kawaida hupokea ujumbe usiozidi MB 50.

Ndiyo maana kwa mafaili makubwa napendelea kumwondoa tarishi kabisa. Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushea mafaili kwenye seva yenu, inaweza kuunganishwa na folda ya pamoja (SMB) ya seva ile ile kama hifadhi ya nje, na programu yake ya Mail inakuruhusu kuchagua faili kutoka humo, ama kama kiambatisho ama kama kiungo. Kompyuta yako inatoa amri tu; faili halipiti kwenye VPN ya nyumbani. Ila msimamizi awe makini na namna ya kuingia kwenye folda hiyo. Ukichagua nywila ihifadhiwe kwenye kikao cha mtumiaji (muda alioingia tu), kiungo cha nje hakitafanya kazi, kwa kuwa mpokeaji hana kikao na Nextcloud haina nywila ya kumfungulia mlango. Itunzwe kwenye hifadhidata, na ruhusa ya kushea iwashwe kwenye mipangilio ya hifadhi hiyo.

Kiungo na nakala si kitu kimoja. Ankara, mkataba, barua ya zabuni: tuma nakala ya PDF, kwa sababu unataka ibaki kama ilivyokuwa siku ile. Jedwali linaloendelea kujazwa: tuma kiungo, maana nakala tano kwenye visanduku vitano ni majedwali matano tofauti. Kiungo kiwe cha faili, kamwe kisiwe cha folda mama. Kiwe na tarehe ya kuisha na nywila, na nywila uitume kwa simu, si ndani ya ujumbe ule ule.

Mwisho, jina. Kiswahili kina ng', na alama hiyo ya juu ina kazi nyingine katika kanuni za kuandika majina ya viambatisho yenye herufi zisizo za kawaida: hapo hutenganisha mfumo wa herufi, lugha na jina lenyewe. Programu nzuri huigeuza kuwa %27 kabla ya kutuma. Programu mbovu huiacha, na jina linafika limekatika. Kwenye nakala unayotuma nje andika Orodha_ya_Ngombe_2024.xlsx, ndani ya waraka wenyewe ng'ombe wabaki na alama yao.