Urari Umelingana. Kwa Hiyo?

Ile picha imerudi tena. Kazi zitakazouawa na akili mnemba, uhasibu uko juu kabisa, pembeni pameandikwa asilimia 94 kwa rangi nyekundu. Safari hii imetumwa na mzazi ambaye binti yake yuko chuoni mwaka wa pili, anasomea uhasibu, na swali lake ni moja tu: amhamishe kozi au amwache? Kabla yake aliuliza mteja, kabla ya mteja shemeji yangu, na kabla ya shemeji dereva wa bodaboda aliyeona nimepakata mafaili. Nimejibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Sasa naandika, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo nirudi kwenye ritani za VAT, maana tarehe 20 haimsubiri mtu.

Tuanze na hiyo 94. Ilitoka Oxford mwaka 2013, kwa Carl Benedikt Frey na Michael Osborne. Walichukua aina 702 za kazi za Marekani. Aina 70 waliziainisha wenyewe pamoja na wataalamu wa kompyuta: hii mashine inaiweza, hii haiwezi. Zilizobaki wakaiachia kanuni ya hesabu ikadirie. Wahasibu na wakaguzi wakapata 0.94, makarani wa kuandika leja 0.98. Maana yake ni kwamba, kwa makadirio ya kanuni ile, upo uwezekano mkubwa kuwa aina hiyo ya kazi, kiufundi, inaweza kufanywa na kompyuta siku moja. Haina maana kwamba wahasibu 94 katika kila 100 watakaa nyumbani. Uwezekano wa kazi kuwa ya aina fulani si fungu la watu watakaofukuzwa, na waandishi wenyewe walisema wazi kwamba hawakukusudia kukadiria ni kazi ngapi zitapotea. Hawakupima bei ya programu, hawakupima sheria, hawakupima mwenye duka wa Kariakoo. Lakini picha ya WhatsApp haina nafasi ya maelezo hayo, ina nafasi ya namba nyekundu.

Ukimuuliza aliyetuma picha mhasibu anafanya nini, atakwambia anajumlisha. Kujumlisha kulitutoka zamani, ndugu zangu. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali la kwanza la hesabu lililouzwa kwa kompyuta ndogo. Ungebadilisha namba moja, na ukurasa mzima ungejihesabu upya. Baadaye ikaja Excel, zikaja programu za uhasibu kama Tally na QuickBooks, na leo simjui mwenzangu hata mmoja anayelipwa kwa kujumlisha. Kutupima kwa hilo ni sawa na kusema kazi ya fundi cherehani ni kukanyaga pedali.

Haya, kazi yenyewe ni nini? Nichukue muamala mmoja tu.

Duka moja ninalolishughulikia lina simu ya biashara. Kila mwisho wa mwezi inatoka laki tisa, kwenda namba ileile, yenye jina la mtu binafsi. Programu mpya ya kusoma miamala, yenye akili mnemba ndani yake, ikaipanga kwenye mishahara. Siilaumu hata kidogo. Kiasi hakibadiliki, ni mwisho wa mwezi, ni jina la mtu. Hata mimi ningekuwa nimekaa ofisini na kiyoyozi changu ningesema mshahara.

Ilikuwa pango la fremu. Mwenye nyumba hataki mambo ya benki, anataka pesa iingie kwenye simu ya mwanawe.

Sasa tazama kinachofuata. Ingekuwa mshahara, tungezungumza habari ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kwa kuwa ni pango, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji anatakiwa kuikata kabla ya kumlipa mwenye nyumba na kuifikisha TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Mwenye duka hakukata hata siku moja. TRA wakija, watamdai yeye, na riba juu. Halafu swali la pili: hiyo laki tisa ni pango lenyewe, au ndiyo iliyobaki baada ya kodi? Ikiwa ni pango lenyewe, zuio ni elfu tisini. Ikiwa mwenye nyumba alisema "mimi nataka laki tisa yangu kamili mkononi", na ndivyo wanavyosema wote, basi pango ni milioni moja na zuio ni laki moja, na mpangaji ndiye anayeubeba mzigo. Mkataba unasema nini? Mkataba una kurasa mbili, uliandikwa stationari, na neno zuio halimo. Swali la tatu: nyuma ya duka kuna chumba analala mdogo wake mwenye duka. Hicho nacho ni gharama ya biashara?

Ukiiandikia mashine yote haya itakupa jibu zuri, na nasema hivyo bila kinyongo. Pengine zuri kuliko la karani wangu. Shida ni kwamba hayakuwa yameandikwa popote. Niliyapata kwa kukaa dukani kwenye kreti la soda, nikinywa chai, nikiuliza huyu unayemtumia kila mwezi ni nani. Wateja huificha mashine ukweli na hunificha mimi pia, ila mimi wananiona usoni, na mimi nawaona.

Sitakaa sana kwenye risiti. Karatasi ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inafifia, risiti iliyokaa miezi mitatu juu ya dashibodi ya gari ni karatasi nyeupe, na hakuna programu duniani inayosoma karatasi nyeupe. Nyingine haina jina wala TIN (namba ya mlipakodi) ya mnunuzi, kwa hiyo VAT yake huidai ng'o. Tuendelee.

Kinachonipandisha presha hasa ni hiki: "Lakini mfumo umebalansi!" Nimeambiwa hivyo na wenye biashara, na mameneja, na kijana aliyekuja kuniuzia programu akiwa na tai nzuri kuliko yangu. Nikamuuliza, urari, yaani ile orodha ya salio za akaunti zote, ukilingana unathibitisha nini? Akanitazama kama nimetukana mama yake.

Urari ukilingana unathibitisha kwamba jumla ya debiti ni sawa na jumla ya krediti. Basi. Lile pango lililokaa kwenye mishahara, urari unalingana. Ankara iliyosahaulika kabisa, urari unalingana. Deni la mteja huyu limewekwa kwa mteja yule, unalingana. Debiti na krediti zimegeuzwa, unalingana. Makosa mawili ya kiasi kimoja yamefutana, unalingana na unapendeza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakariri makosa haya kwa ajili ya mtihani, akishafaulu anayasahau, na akiwa meneja anakuja kuniambia mfumo umebalansi. Hesabu inaweza kulingana mpaka senti ya mwisho na ikawa uongo mtupu. Wezi wazuri wote ninaowajua, hesabu zao hulingana. Ndiyo maana ni wazuri.

Akili mnemba imeliongezea jambo hili makali. Karani akishindwa kupata tofauti ya benki, anakuja kwako na uso wa huzuni, unajua pana shida. Programu moja niliyoijaribu niliiambia ilinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki. Ikaniletea jedwali safi, tofauti sifuri, na katikati mna makato ya benki yenye tarehe na maelezo ya kuridhisha. Makato hayo hayamo kwenye taarifa ya benki. Iliambiwa isawazishe, ikasawazisha. Karani akifanya hivyo tunamwita mwizi au mvivu, na tuna barua ya onyo kwa ajili yake. Mashine tunaita imeteleza kidogo, tunaomba toleo jipya.

Wala usiniambie teknolojia ikikomaa hayo yataisha, maana tatizo ni letu tunaoiamini. Uingereza wameonja. Shirika lao la posta lilianza kufunga mfumo wa Horizon, wa Fujitsu, mwaka 1999. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha kwenye matawi. Wasimamizi wa matawi wakasema pesa hatujachukua, wakaambiwa kompyuta imesema. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Wapo waliofungwa, wapo waliouza nyumba kujaza pengo ambalo halikuwapo. Desemba 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya Alan Bates na wenzake, ikasema mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Hapakuwa na akili mnemba hata chembe. Ilikuwa programu ya kawaida ya hesabu, na watu wenye tai walioamua kuwa mashine haikosei.

Kwetu upande wa pili wa shilingi ni mashine za POS za halmashauri. Zilikuja kuondoa vitabu vya stakabadhi, na kweli ushuru sasa unahesabika. Lakini fungua taarifa za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, miaka nenda rudi utakuta makusanyo ya POS ambayo hayakufika benki. Mashine ilitoa risiti vizuri kabisa. Pesa ndiyo iliyochukua njia nyingine, na kuijua njia hiyo kunahitaji mtu wa kwenda stendi kuuliza.

Nisiwapake mafuta, kazi zitakwenda, na nyingine zimeshakwenda. Yule keshia wa ofisi ya serikali aliyepokea noti dirishani, kontroo namba, ile namba ya kulipia serikali kwa simu au benki, ilimmaliza kabla hata ChatGPT haijazaliwa. Mtu ambaye kazi yake nzima ni kuchukua ankara na kuzichapa kwenye Tally, siwezi kumdanganya kwamba atavuka salama. Wapo wenzetu wenye kadi ya biashara iliyoandikwa "mhasibu" ambao kazi yao ni hiyo tu, na wanaponiuliza wanataka nikanushe. Sikanushi.

Kuna jambo moja watu hulisahau: sahihi. Hesabu za kampuni zinathibitishwa na CPA, mhasibu aliyefaulu mitihani ya taaluma, mwenye leseni ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu, na zikiwa mbovu ana pa kuitwa na ana cha kunyang'anywa. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, katika shauri dhidi ya Avianca. Jaji aliwatoza dola 5,000, wao na kampuni yao. ChatGPT haikuitwa shaurini.

Lakini hapa ndipo ninapoanza kujishuku mwenyewe. Hoja ya sahihi ni hoja ya sheria, na sheria hubadilishwa. Ikiwa kazi yetu itabaki kwa sababu tu Bunge halijaamua vinginevyo, hiyo si kinga ya kujivunia.

Na ile busara ninayojisifia, sina hakika ni yangu peke yangu kiasi gani. Majuzi niliipa programu mkataba wa pango la ghala, kurasa arobaini na ushee, kwa ajili ya IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu mikataba ya kupanga. Dakika haikuisha, ikakitoa kipengele cha kuongeza muda kilichofichwa kwenye kiambatisho, ikaniuliza: je, mpangaji ana hakika ya kutosha kwamba atauongeza? Swali lenyewe hasa. Nililijibu mimi kwa sababu nilishaona mteja amemwaga sakafu mpya na kufunga rafu za chuma, na mtu hafanyi hivyo mahali anapohama mwakani. Programu haikuwa na habari hiyo. Ingekuwa nayo ingesema nilichosema mimi, na hilo linanisumbua kuliko picha za WhatsApp. Kamera kwenye ghala si ghali.

Kubwa zaidi ni vijana. Mimi nilijifunza kunusa muamala mchafu kwa kupiga tiki vocha, hati za malipo, mabunda kwa mabunda, kazi ya kuchosha ambayo hakuna aliyeiheshimu. Ndiyo hiyo hiyo programu inaifanya sasa. Wanafunzi wa vyuo vya IFM na TIA wanaokuja field, mafunzo kwa vitendo, mwaka huu nimechukua wachache kuliko zamani, na sababu ni hiyo programu ninayoisema vibaya. Ofisi nyingi zinafanya vivyo hivyo. Sasa nani atakuwa na pua ya kunusa miaka kumi ijayo, ikiwa hakuna aliyewahi kushika vocha? Nimewauliza wenzangu kwenye semina za NBAA, tunakubaliana kwamba ni swali zuri, tunakwenda kula.

Kwa hiyo, mama wa binti wa mwaka wa pili: mwache aendelee, kama anapenda kuuliza maswali. Kama alichagua uhasibu kwa sababu anapenda kukaa kimya na namba, mhamishe mapema. Na popote atakapokwenda field, aombe apewe vocha za karatasi hata kama watamcheka.

Waliopo ofisini kwangu nimewaambia watafanya ulinganisho wa benki kwa mkono, miezi mitatu ya mteja mmoja, kabla hawajaruhusiwa kugusa programu. Wananung'unika. Mteja hawezi kulipia muda huo, naulipia mimi, na kwa ada za siku hizi sijui nitauweza mpaka lini.