Retinoidi ni dawa gani?

Harusi ikikaribia Lamu, bibi harusi husingwa kwa singo, akapakwa liwa iliyosuguliwa kwenye msio. Siku hizo chunusi tatu tu za shavuni huonekana kubwa kama magome ya kaa, na ndipo mtu hukimbilia duka la dawa: "Nipe kitu cha wiki mbili." Akitolewa tyubu iliyoandikwa adapalini au tretinoini, amepewa retinoidi, na retinoidi haina habari na tarehe ya harusi.

Ni jamii ya dawa zenye asili ya vitamini A. Chunusi huanza seli zilizokufa zinaposhikamana mdomoni mwa kinyweleo badala ya kupukutika. Mafuta hukwama ndani, bakteria wakazidi, ngozi ikafura na kutunga usaha. Benzoili peroksaidi huua bakteria hao (nayo huchujua kanga na foronya, kwa hivyo angalia unajifutia nini). Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, hupunguza bakteria na uvimbe, ila haifai peke yake wala kwa miezi mingi, kwani bakteria huizoea. Retinoidi huwahi kabla ya hayo yote: hufanya seli zipukutike, kizibo kisijengeke.

Kuchelewa kwake kunatokana na hapo. Chunusi ya mwezi ujao imeshaanza leo chini ya ngozi, huioni. Wiki za mwanzo uso hukauka, huwasha na kubambuka, na wengine huota chunusi zaidi ya walizokuwa nazo. Wengi huitupa tyubu wakati huo, ilhali nafuu huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Hupakwa usiku, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Anayeungua apake usiku mmoja, apumzike miwili. Mchana ni krimu ya kukinga jua, kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi. Jua letu la pwani mnalijua.

Asiye na subira huangukia mkorogo wenye steroidi kali, kama klobetasoli. Uso hung'aa siku chache kwa sababu uvimbe umezimwa. Ukiacha, chunusi zinarudi kwa hasira na ngozi imeshakuwa nyembamba. Kwangu mimi, heri kuolewa na chunusi.

Retinoidi ya kumeza ni isotretinoini. Huandikwa na daktari wa ngozi kwa chunusi nzito zinazoacha makovu, kwa kawaida miezi 4 hadi 6 au zaidi, pamoja na vipimo vya damu vya ini na mafuta. Hukausha mafuta ya ngozi hasa, na wengi hupona kabisa. Lakini hulemaza mtoto tumboni: mwanamke asishike mimba akiwa anaimeza, wala mwezi mmoja baada ya kuacha. Hata retinoidi za kupaka huwekwa kando wakati wa mimba.

Sasa rudi kwa bibi harusi wetu, ambaye kabla ya mwaka kwisha mashangazi watakuwa wanamtazama tumbo. Amwambie mfamasia kwamba anaolewa, hata akiona haya. Huenda akapewa asidi ya azelaiki, ambayo hata mjamzito huruhusiwa kupaka, na ambayo hufifisha yale madoa meusi yanayobaki chunusi ikishakwenda.