Rubabu Mwanza: jani tupa, kikonyo kula

Juzi jirani yangu kanikuta bustanini navuna rubabu (rhubarb, ule mmea wa vikonyo vikali vya kupikia jemu), majani nayakata nayatupa pembeni, akashika kiuno, "Yaani baba Neema mboga yote hii unamwaga?" Na kabla sijajibu kashaanza kuyaokota anaweka kwenye kanga. Nikamwambia mama, hiyo weka chini, hiyo sio mboga.

Sisi huku tumezoea jani ndo mboga, matembele, kisamvu, majani ya maboga, sasa rubabu ni kinyume kabisa. Jani lake lina asidi ya oksaliki nyingi, inaumiza figo, na usijidanganye kwamba ukichemsha inaisha. Hata mbuzi usimpe. Kinacholiwa ni kile kikonyo kinene kinachobeba jani, basi.

Nina kitalu huku Buhongwa na swali ninaloulizwa sana ni "mbona yangu imekufa?" Jibu ni kwamba huu ni mmea wa baridi. Kule Ulaya majani yanakauka, kisiki kinalala ardhini, kinapigwa baridi ya chini ya digrii 5 wiki kadhaa, ndo kinaamka na nguvu mpya, na kisiki kimoja watu wanavuna miaka 10 na zaidi. Sasa Mwanza hiyo baridi utaitoa wapi? Tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, hata Julai usiku ukijifunika blanketi bado mmea unaona joto.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Nilipata visiki vitatu kwa hela nyingi tu, nikavipanda mwezi wa tatu chini ya mawe maana pale pana kivuli, nikajiona mjanja. Masika ilipokolea, si unajua mwamba haunywi maji, yote yakateremka yakatuama palepale, mwezi haujaisha nafukua nakuta uji unanuka.

Siku hizi nafanya zao la msimu kama nyanya, naanza na mbegu. Natumia aina ya Victoria, ndiyo, malkia yuleyule ambaye Speke alilipa ziwa letu jina lake. Mbegu ni kubwa, nyepesi, zina mabawa kama karatasi, naloweka masaa machache halafu kwenye viriba, mwezi wa pili hivi. Zikifika majani manne matano nahamishia kwenye tuta, na nasisitiza TUTA, liinuke, mche hadi mche sentimita 80 msizibane. Udongo wetu wa kichanga hauna kitu, kwa hiyo kila shimo ndoo nzima ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, hii kitu inakula kuliko mahindi. Upande wa mashariki wa nyumba ndo pazuri, inapata jua la asubuhi halafu mchana nyumba inaikinga. Kiangazi upepo wa ziwa unakausha balaa, tandaza nyasi kavu ila zisiguse shina. Ikitoa bua la maua katilia mbali, linanyonya nguvu yote.

Kuvuna usikate na kisu, shika kikonyo chini kabisa, zungusha kidogo huku unavuta, kinachomoka chenyewe. Acha nusu ya majani. Na usisubiri kiwe chekundu, kwa joto letu vingi vinabaki kijani na ladha ni ileile, ukali kama ukwaju. Vikate vipande, sukari, tangawizi, maji kidogo sana, dakika kumi unapata jemu ya kupaka kwenye chapati. Ila sufuria zetu za aluminiamu weka pembeni, ule ukali unazila, tumia ya stili.

Kuanzia mwezi wa nane navuna kidogokidogo, ikifika wa kumi na mbili majani yanaanza kuungua pembeni, hapo navuta vyote vilivyobaki, visiki natupa kwenye mboji, Februari naloweka mbegu nyingine.