Hema la piramidi kwa turubai moja: yanayosemwa Goma na ukweli wake

Mjini Goma ni nadra kukuta nyumba isiyo na turubai. Moja linafunika mizigo, lingine limegeuka ukuta wa jikoni, lingine limehifadhiwa tangu Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, watu wakalala popote walipofika kwenye njia ya Sake. Kwa hiyo kila mtu ana maoni yake kuhusu namna ya kulisimamisha. Skauti wana yao, wavuvi wana yao, na vijana wanaokwenda kulala ufukweni wikendi wameokota ya kwao kwenye video za simu. Kuhusu kibanda cha wazi, wote hao wanajua wanachokisema. Ni kwenye hema lililofungwa pande zote, lenye umbo la piramidi, ndipo makosa yanaporundikana, kwa sababu watu wanafikiria kuziba kabla ya kufikiria umbo na hewa.

“Turubai ni mraba, weka mti katikati, vuta pembe nne, umepata piramidi.”

Hii ndiyo inayoaminiwa kuliko zote, na hesabu inaikataa. Chukua turubai la mita 3 kwa 3. Kutoka katikati yake hadi kwenye pembe kuna mita 2.12. Kutoka katikati hadi nusu ya ukingo kuna mita 1.5 tu. Simamisha chini yake mti wa mita 1.3, funga pembe zote nne ardhini: pembe zitafika vizuri, kingo hazitafika. Katikati ya kila upande panabaki wazi, na kitambaa kilichozidi kinaning'inia kwa mikunjo. Mvua ikija na upepo kutoka Ziwa Kivu inapita hapo hapo. Ukizivuta kingo zishuke, pembe zinajikunja. Ukiufupisha mti, paa linakulalia usoni. Kitambaa bapa hakiwi piramidi ya pande nne mpaka kikatwe au kikunjwe, na ndiyo maana mahema ya piramidi ya kiwandani hushonwa kwa vipande vya pembetatu.

Ipo njia inayofunga pande zote bila kukata wala kushona, ila sakafu yake ina pembe tatu. Tandaza turubai. Chagua ukingo wa nyuma, uvute unyooke, funga pembe zake mbili. Kisha shika pembe mbili za mbele, zikutanishe, uzivute mpaka kingo za kulia na kushoto zinyooke. Umepata pembetatu yenye mita 3 kila upande. Zifunge hapo chini, kila moja kwa kamba yake. Sasa ingia na mti wa mita 1.5, uusimamishe chini ya nusu ya ule ukingo wa mbele uliobaki legevu. Mti utasimama wima juu ya mahali pembe mbili zilipokutana, na kuta zitakazika zenyewe.

Si bahati. Turubai lolote la mstatili likikunjwa hivi, mradi urefu wake wa mbele-nyuma usiwe mfupi kuliko upana, kilele kinafika kimo cha nusu ya ukingo wa nyuma. La mita 4 kwa 4 linataka mti wa mita 2, basi. Anayekuambia utafute mti mrefu zaidi ili upate nafasi hajalijaribu: mti ukizidi unazinyanyua kingo, ukipungua kitambaa kinalegea na kushika maji. Mkaratusi mwembamba au mwanzi unatosha, ila kichwa chake kifungwe kitambaa, kisije kikatoboa. Na kwa kuwa turubai lote linakivuta kilele kuelekea nyuma, kamba moja lazima itoke kileleni kwenda mbele. Mlango ni ule mpasuko unaofuata mti. Fungua kamba ya pembe moja, kunja upande huo, toka. Mimi napenda kwamba mti uko mlangoni, haumgawi mtu na blanketi lake.

Maturubai meupe ya misaada, ya mita 4 kwa 5 au 4 kwa 6, yana ziada. Wengi huikata, kumbe inaweza kukunjwa chini kwa ndani ikawa sakafu ya upande wa nyuma. Hapo pana mtego mmoja. Sakafu hiyo ina upana wa mita 4, nalo hema linapungua kuelekea mbele, kwa hiyo pembe za sakafu hujitokeza nje chini ya kuta. Zikiachwa nje zinapokea maji ya paa na kuyaleta moja kwa moja kwenye godoro. Zikunje ziingie ndani, mikunjo ikitazama juu.

“Mita tisa za mraba zinalaza familia.”

Zikiwa zimetandazwa, labda. Turubai la 3 kwa 3 likifungwa kwa namna hii linakuachia sakafu ya mita za mraba 3.9, na nyuma paa liko chini sana kwa sababu linateremka kwa nyuzi 30 tu. Viwango vya kibinadamu vya Sphere vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Basi huyo ni mtu mmoja na mzigo wake, wawili watabanana. La mita 4 lina karibu 6.9. Kufunga pande zote kunakula kitambaa, na asiyetaka kulipa bei hiyo asimamishe kibanda cha wazi.

“Goma huwezi kupiga hema, vigingi haviingii.”

Haviingii kweli sehemu nyingi. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na kuna mitaa ambayo hata sururu inalalamika. Lakini ardhi hiyo hiyo imejaa kilicho bora kuliko kigingi. Jiwe la lava lina kingo zinazokwaruza, kamba haitelezi juu yake. Funga kamba kwenye jiwe la kubebeka kwa mkono mmoja, kisha mbele yake, upande wa hema, weka jiwe zito la kulizuia. Upepo ukivuta, jiwe dogo linajibana kwenye kubwa. Jiwe moja tu lililowekwa juu ya kamba litaburutwa usiku. Na usiliweke juu ya turubai lenyewe: linasugua, asubuhi una matundu.

Kinachochanika kwanza huwa pete ya chuma ya pembeni, hasa kwenye maturubai membamba ya bluu. Usiitegemee. Chukua kokoto laini kutoka ufukweni, iweke chini ya turubai, likusanye kuizunguka, funga kamba shingoni mwake. Fundo hilo hushika popote kwenye kitambaa, na huhimili kuliko pete.

Jambo moja zaidi kuhusu mawe ya lava: yanapitisha maji haraka, kwa hiyo mtaro wa kuzunguka hema aghalabu ni jasho la bure, tofauti na udongo wa kule Masisi. Ila yanakata. Weka makaratasi ya boksi au majani makavu chini ya sakafu ya plastiki.

“Limevuja usiku kucha.”

Tazama kwanza kama mvua ilinyesha. Turubai la plastiki halipitishi mvuke, na watu wawili wanaolala humo wanatoa maji kwa pumzi na kwa ngozi mpaka asubuhi. Mvuke huo ukigusa paa lililopozwa na usiku, unageuka matone. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wa alfajiri unatosha kabisa kwa kazi hiyo. Unyevu ulioenea paa zima hata bila mvua ni pumzi zenu. Tone linalotoka sehemu moja wakati wa mvua ndilo tundu. Watu wakiona unyevu huziba zaidi, wakijaza nguo kila upenyo, na matone yanaongezeka. Dawa ni kinyume chake: acha upenyo wa kiganja mlangoni karibu na kilele, na mwingine chini nyuma, hewa ipande ipite. Blanketi lisiguse ukuta.

“Mbabula kidogo humo ndani, mlango ukiwa wazi kidogo, haina shida.”

Ina shida ya kuua. Mbabula ni jiko la makaa, na makaa yaliyokwisha kushika vizuri, mekundu, yasiyo na moshi, bado yanatoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu haamshwi nayo, anazidi kulala. Upenyo uliouacha kwa ajili ya mvuke hautoshi kwa mbabula. Pikia nje. Ukitaka joto, jaza maji moto kwenye chupa imara, uifunge kitambaa, uilaze miguuni.

“Tafuta bonde dogo, upepo usikufikie.”

Ushauri huu umeandikwa na watu wa nchi nyingine, na huko kwao una maana. Hapa unaweza kukuzika. Ukanda wa ziwa kutoka Himbi kuelekea Bulengo, Lac Vert na Sake una mazuku: dioksidi ya kaboni inayopanda kupitia nyufa za ardhi ya volkano. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama mashimoni na kwenye vibonde, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Jua na upepo wa mchana huitawanya, ndiyo sababu mtu anapita mahali hapo saa nane mchana, anaona pazuri, pamejikinga, anatua mzigo.

Ongeza hema juu yake. Hema lililofungwa hadi chini linazuia hewa kutembea, nawe umelala, pua iko sentimita kumi na tano kutoka ardhini, yaani pale pale gesi inapokaa. Hakuna umbo wala fundo la kukuokoa hapo. Wenyeji wanavijua vibonde vingi kwa mizoga: ndege, panya, mbwa, wakati mwingine mbuzi aliyefuata majani. Waulize kabla ya kushusha kamba, na wakikuambia hapana usibishane nao. Wapo wanaodai wanapima kwa kiberiti, kikiwaka basi ni salama. Si kipimo. Kiberiti kinaweza kuendelea kuwaka huku hewa ikiwa tayari inamdhuru mtu. Panda mahali palipoinuka, hata kama upepo utakusumbua. Kwa upepo tuna kamba.

Na kuhusu huo upepo, husemwa kwamba piramidi haijali unatoka wapi. Hii ya pembe tatu inajali sana. Mgongo wake mpana na wa chini ndio unaotakiwa kupokea upepo. Mlango na mti vikae kinyume. Kando ya Kivu upepo kwa kawaida hutoka ziwani mchana na kugeuka kutoka nchi kavu usiku. Hema lililopangwa kwa upepo wa saa kumi jioni laweza kuwa na mlango upande mbaya saa tisa usiku, kwa hiyo tazama mteremko uliko, usitegemee unachokisikia shavuni wakati unapiga hema.

Kamba nazo zina uvumi wake. Nailoni husifiwa kwa nguvu, na nguvu inayo, lakini ikilowa inarefuka, na hema lililokaza jioni linalegea mvua inapoanza. Katani hufanya kinyume, inajikaza ikilowa mpaka inang'oa pembe. Ile ya plastiki ya bei rahisi inayouzwa Birere hainywi maji, inafaa, ila fundo lake huteleza, basi lizungushe mara ya ziada. Kwenye kamba ya mbele unganisha kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kama ule wa kufungia mizigo kwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma), ili dhoruba ikivuta mpira unyooke badala ya turubai kuchanika.