Baiskeli ya marehemu isitengenezwe kwanza

Nilipofika kuiona baiskeli, mpwa wa marehemu alikuwa ametoka nayo kwenda kuchota maji. Tukamsubiri mkekani chini ya mkorosho: mimi, mjane, mama mzazi wa marehemu na mjomba mtu. Kijana akarudi na madumu manne ameyafunga kwenye keria. Phoenix nyeusi, imekaa sawa, haina hata mkunjo.

"Ndiyo hii aliyogongwa nayo?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo, wakili," akajibu mjomba. "Polisi walituruhusu tuichukue, tukaipeleka kwa fundi. Rimu ya nyuma mpya, spoki mpya. Chombo kitakaaje bure?"

Sikuwa na la kumlaumu. Kwenye vijiji vya barabara ya Mnazi Mmoja kwenda Mtama, Nyangao na Masasi, baiskeli ndiyo inayopeleka gunia la korosho ghalani, mgonjwa zahanati na mtoto shule. Lakini nilikuwa nimetoka Mtwara asubuhi ile kwa sababu ya rimu ya zamani, nayo ilishauzwa vyuma chakavu.

Niwaelezeni kwa nini rimu.

Ajali ya gari na baiskeli ikiua, mara nyingi anayekufa ni wa baiskeli. Anayebaki kusimulia ni dereva, na pengine utingo wake ambaye mshahara wake unatoka mfuko huohuo. Nimesoma maelezo ya madereva mengi katika kazi hii, na kuna sentensi naikuta karibu kila faili: "Mwendesha baiskeli alikatiza ghafla." Huenda ni kweli. Watu hukatiza, na watoto ndio zaidi. Ila aliyeko kaburini hawezi kusema "mimi nilikuwa pembeni, naelekea kuliko alikokuwa anaelekea yeye." Badala yake husema vyuma. Aliyekatiza barabara hugongwa ubavuni: fremu inapinda, pedali inavunjika, rangi ya gari inabaki kwenye bomba la katikati. Aliyefuatwa kwa nyuma, gurudumu la nyuma hukunjika kama chapati na keria huingia ndani, huku la mbele likiweza kubaki zima. Mtu yeyote aliyewahi kushika spana ya baiskeli anaelewa hilo bila shahada.

Marehemu wetu, kwa maelezo ya dereva, alikatiza. Kwa maneno ya mjomba, kilichobadilishwa ni rimu ya nyuma.

Mengine yanayosema kwa niaba ya marehemu hufutika haraka kuliko rimu. Alama za breki kwenye lami, vioo vya taa vilipodondokea, kandambili ilipoangukia, umbali kutoka ukingo wa lami mpaka damu ilipo. Trafiki anayefika huchora ramani ya tukio na kupima hatua hizo, na gari hukaguliwa breki, usukani na matairi kabla halijaachiwa. Ndugu waliofika mapema wamwonyeshe askari kila walichokiona, na waombe kujua nani alichora ramani ile. Picha za simu zilizopigwa na vijana wa bodaboda zimenisaidia mara nyingi, ingawa kwanza hunibidi nizitafute kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa zimeshapambwa emoji za machozi.

Sasa sheria yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Kifungu chake cha 40 kinamhusu anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa namna ya hatari au kwa kutojali, kwa kuzingatia mazingira yote: mwendo, hali ya barabara, watu waliokuwepo. Chini yake kuna kosa jepesi la kuendesha bila uangalifu, ambalo linaadhibu uendeshaji na si kifo. Juu yake, katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuna kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha na husikilizwa na Mahakama Kuu. Ajali za barabarani ni nadra kufika huko. Nyingi huishia kwa hakimu wa wilaya au hakimu mkazi, kwa kifungu cha 40 au kwa lile kosa jepesi. Tofauti ya hayo mawili inategemea sana vile vioo na zile hatua zilizopimwa.

Huku kwetu, neno linalozima kesi mapema kuliko yote ni "bahati mbaya". Dereva analisema, shehe analisema msibani, na familia nayo inalisema kwa imani. Mahakama inauliza jambo jingine: je, dereva mwangalifu, katika saa ile na barabara ile, angemwona huyu mtu na kumkwepa? Penye makazi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Lori kubwa na basi havitakiwi kuvuka 80 hata porini. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori yanashuka bandarini Mtwara usiku na mchana, na barabara hiyohiyo ina mamia ya baiskeli zenye magunia. Dereva anayepita hapo kila wiki hawezi kudai kwamba hakutegemea kukutana na baiskeli. Na anayesema alipofushwa na taa za gari la mbele ameshajibu nusu ya swali, kwa sababu ambaye haoni anatakiwa apunguze, asiendelee kwa kubahatisha.

Dereva kutokusimama nalo huulizwa sana. Sheria inamtaka asimame, asaidie, atoe taarifa polisi. Akihofia kipigo cha wananchi, basi aende moja kwa moja kituo cha karibu. Kukimbia ni kosa peke yake, ila hakuthibitishi kwamba yeye ndiye aliyesababisha ajali. Familia nyingi huvunjika moyo ninapowaambia hivyo.

Mjomba wetu alikuwa na karatasi. Akaitoa mfukoni imekunjwa mara nne: mwenye lori ametoa rambirambi, amegharamia sanda na chakula cha hitma, familia imeridhika na "haina madai yoyote". Sahihi ya mjomba, dole gumba la mjumbe.

Kwa mila zetu za upande wa mama, Wamakonde, Wamwera na Wayao, mjomba ndiye msemaji, kwa hiyo alitenda alivyolelewa. Lakini kwa sheria ya madai ya vifo vya ajali, Sura ya 310, wanaofidiwa kama wategemezi ni mke au mume, wazazi na watoto. Mjomba hayumo. Kwa kawaida anayesimama mahakamani kwa niaba yao ni msimamizi wa mirathi, na usimamizi huo kwa familia nyingi hupatikana Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo karatasi ile haikuwa na uzito waliodhani inao. Na kesi ya jinai ndiyo kabisa haiguswi nayo, kwa kuwa mlalamikaji ni Jamhuri. Hasara ya karatasi za aina hii ni nyingine: shahidi akiamini mambo yameisha, haitiki wito wa mahakama, na kesi isiyo na mashahidi hufutwa au mshtakiwa huachiwa.

Mshtakiwa akiachiwa, madai nayo yako mashakani. Sheria yetu ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai ni uthibitisho usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani ana hatia, na aliyeachiwa hana hatia ya kosa lile. Kwa hiyo familia inayosema "kesi ni ya serikali, sisi tunataka fidia tu" inakata tawi ililokalia. Dereva akikiri na kulipa faini siku ya kwanza, watu huondoka mahakamani wakilalamika kwamba maisha ya ndugu yao yamethaminiwa kwa faini. Uchungu huo naujua. Lakini siku hiyo mimi huwaambia kitu kimoja: ombeni nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Ina thamani kuliko ile faini.

Kwa sababu fidia haimtegemei dereva, ambaye pengine hana hata nyumba. Mwenye gari anawajibika kwa uzembe wa dereva wake aliyekuwa kazini, na bima ya watu wengine ni lazima kwa kila gari la barabarani chini ya Sura ya 169. Pigeni picha namba ya gari. Uhai wa bima huangaliwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, hata kwa simu. Kampuni ya bima itataka taarifa ya mwisho ya polisi (fomu PF 90), ramani ya tukio, cheti cha kifo na barua za usimamizi wa mirathi. Na madai yana ukomo wa muda, hivyo msisubiri arobaini ipite, halafu mavuno, halafu mwaka.

"Lakini hakuwa na taa," mama mzazi akasema kwa sauti ya chini, kama anayekiri kosa lake mwenyewe.

Ni kweli, baiskeli usiku inatakiwa iwe na taa. Kukosa taa hakumpi mtu ruhusa ya kukuua. Mahakama ya madai hugawa lawama. Tuseme hasara ya wategemezi imeonekana ni shilingi milioni 30 na marehemu amebebeshwa theluthi moja ya lawama. Watalipwa milioni 20.

Tukamwendea fundi. Kibanda chake kiko chini ya mwembe kando ya lami, na hana daftari. Nikamuuliza anakumbuka nini.

"Rimu ya nyuma ilikuwa imekunjika nane," akasema. "Spoki zote zimekwisha. Keria niliinyoosha kwa nyundo, ilikuwa imeingia mpaka kwenye mnyororo."

"Na mbele?"

"Mbele sikugusa. Nilipulizia upepo tu."

Nikaandika jina lake, nikalipeleka kwa mwendesha mashtaka. Fundi akapanda kizimbani Lindi kwa shati la kuazima, akarudia maneno yaleyale kwa Kiswahili chake cha kibandani. Wakili wa utetezi akamuuliza kama amesomea uchunguzi wa ajali. Akasema hapana, amesomea baiskeli.