Tumbo kujaa hewa ukilala na sipapu: usirudishe mashine kabla hatujasoma kadi yake ya kumbukumbu

Miezi hii dirisha letu la vifaa limekuwa likipokea sipapu (CPAP) nyingi zinazorudishwa, yaani mashine za kuvaa usiku kwa mtu ambaye pumzi yake hukatika usingizini. Kwenye fomu ya kurudisha kuna mstari wa "sababu", na wengi wanaandika yaleyale: tumbo linajaa, alsa imeamka, mashine imenipa alsa. Mmoja aliandika neno moja tu, "mpira". Nilipompigia simu, aliyepokea ni mkewe. Akacheka kwanza, kisha akasema, "Daktari, asubuhi ukimgonga tumboni kwa vidole, linalia dup dup kama mpira uliotoka kujazwa pampu."

Hiyo ni hewa iliyomezwa. Haihusiani na alsa, na mara nyingi mashine yenyewe haina ubovu wowote. Ninayoandika hapa ni elimu ya jumla kutoka kitengo cha upumuaji na hayachukui nafasi ya daktari anayekujua.

Kwanza niondoe jambo moja linalonichosha. Sipapu si mtungi wa oksijeni. Tangu lile wimbi la korona la Juni 2021, mtu akionekana na barakoa na bomba usoni majirani hudhani ni oksijeni na huja kumwombea. Sipapu ni feni ndogo. Inavuta hewa ileile ya chumbani kwako, hata kama ina harufu ya sigiri ya jirani, na kuisukuma kooni ili koo lisijifunge ukilala. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza njia hii mwaka 1981, na kanuni yake ni ileile hadi leo. Nguvu ya kusukuma tunaiita presha, na hapa sizungumzii presha ya damu. Tunaipima kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya 4 na 20.

Koo ni njia panda. Njia moja inakwenda mapafuni na nyingine, umio, inakwenda tumboni. Umio una misuli inayoufunga juu na chini, kama mdomo wa mfuko uliokazwa kwa kamba. Ukimeza, mfuko hufunguka kidogo, na hewa inayosukumwa kooni ikikuta umefunguka, hupita. Mtu mwenye kiungulia cha siku nyingi mara nyingi kamba yake ya chini imelegea tayari, kwa hiyo hewa hupata njia kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana tunakuuliza kuhusu kiungulia siku ya kwanza, na ndiyo maana jibu la "sina tatizo lolote" halitusaidii.

Utaijuaje hewa hii? Unaamka nayo. Imekaa juu, chini ya mbavu, inabana, inatoka kwa mbweu mfululizo au kwa upepo wa chini, na kufikia saa nne asubuhi imepungua au imekwisha. Gesi ya maharage huja saa kadhaa baada ya kula na hukaa chini zaidi, uwe umelala na mashine au hukulala nayo. Hapa kwetu kila anayeumwa tumbo ana alsa, hata ambaye hajawahi kupimwa, na vidonge vya magineziamu vinatafunwa kama karanga. Kidonge cha gesi kinaweza kukupa nafuu ya saa moja, lakini hakizuii feni kukujaza tena usiku unaofuata.

Sasa kwa nini fulani ajae na mwenzake asijae? Sababu ambayo kila mtu anaifikiria ni presha kuwa juu mno, na kweli huwa hivyo. Mwaka uliopita alikuja mzee mmoja, afande mstaafu, na mashine aliyotumiwa na mpwa wake aliyeko kyeyo Marekani. Mashine nzuri, safi, ndani ya mkoba wake. Alikuwa amekaza mikanda ya barakoa hadi mashavuni pamebaki mistari miwili kama ya kamba ya mbuzi. Nilipofungua kumbukumbu nikakuta presha imewekwa 17, tena bila kubadilika usiku kucha. Ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mwenye mwili wake na koo lake. Afande alipopimwa alihitaji 9. Nikamwuliza, "Mzee, buti la mwenzako ungelivaa bila kulijaribu?" Akanijibu kwamba jeshini alilivaa.

Lakini presha ikiwa chini mno nayo inajaza tumbo, na hili watu hawataki kulisikia. Ikiwa pumzi bado inakatika, unashtuka, unatweta na kugugumia hewa kwa nguvu, na kila mgugumio ni kumeza. Ndiyo maana anayejipunguzia presha mwenyewe wakati mwingine hurudi kwetu na tumbo lilelile, na juu yake kukoroma kumerudi. Mwingine pua yake imeziba kwa vumbi au mafua, anafungua mdomo, hewa inavuja, mdomo unakauka, naye anameza mate usiku kucha bila kujua. Huyo humsaidii kwa kupunguza presha. Anahitaji pua yake itibiwe, chombo cha unyevu cha mashine kiwekwe maji safi yaliyochemshwa na kupoa (yaliyochujwa madini ni bora zaidi), na pengine mkanda wa kidevu au barakoa ya aina nyingine.

Nyumbani, anza na chakula cha usiku. Tunakula saa nne, posho na maharage sahani imejaa, soda juu yake, na saa nne na nusu mtu amevaa barakoa. Tumbo lililojaa husukuma juu ule mfuko wa kamba. Maliza kula ukiwa umebakiza muda wa saa mbili au tatu kabla ya kulala, na soda iache kwa mchana. Waragi ya usiku hulegeza koo na kuongeza kukatika kwa pumzi, na mashine inayojirekebisha yenyewe hujibu kwa kuongeza presha. Lala ubavu, hasa wa kushoto, kwa sababu hapo kiungulia hupungua. Wengi pia huhitaji presha ndogo wakilala ubavu kuliko chali. Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe kwa tofali chini ya miguu miwili ya juu, sentimita 15 hadi 20. Mito mitatu haifanyi kazi hiyo, inakunja shingo tu na kulibana tumbo.

Kuna kitufe cha kupandisha presha polepole. Ukikiwasha, mashine huanza chini na kupanda kwa dakika kadhaa wakati usingizi unakuchukua. Wengi humeza hewa wakiwa bado macho, wakipigana na upepo, na hao hupata nafuu usiku uleule. Stima ikikatika na kurudi saa tisa usiku, kibonyeze tena.

Yaliyobaki ni kazi yetu. Tunaweza kushusha presha kwa sentimita 1 au 2 na kuangalia kama pumzi bado inashikilia, yaani kukatika chini ya mara 5 kwa saa. Tunaweza kulegeza presha kila unapotoa pumzi, kubana ukomo wa juu wa mashine inayojirekebisha, au kukuhamishia kwenye mashine ya presha mbili, ya juu ukivuta pumzi na ya chini ukiitoa. Na niseme wazi: wakati mwingine kosa ni letu. Tulikupima ukiwa na mafua, au mwili umepungua kilo nyingi na hatukukupima tena.

Sasa taratibu, kwa sababu hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Mashine ya mkopo hurudishwa kwa miadi, si kwa kumtuma bodaboda. Unaleta mashine, barakoa, bomba, waya wa umeme na kadi ya kumbukumbu, ile ya ndani ya mashine inayohifadhi presha na matumizi yako. Kadi ikikosekana, fomu haifungwi na amana haitoki, hata ukija na mheshimiwa. Malalamiko ya tumbo hayahesabiwi kuwa sababu ya kurudisha kabla kadi haijasomwa na marekebisho hayajajaribiwa kwa siku 14. Matumizi tunayahesabu kwa saa 4 au zaidi kwa usiku, katika usiku 7 kati ya 10, na aliye chini ya hapo huitwa kwanza kuelekezwa, hanyang'anywi. Anayeingia kwenye menyu ya wataalamu kwa kufuata video za mtandaoni na kubadilisha presha hulipia upimaji upya, na akirudia mkataba unasimama. Mabadiliko yote hurekodiwa kwa tarehe na saa, kwa hiyo "ni watoto walichezea" tumeshaisikia. Mashine uliyonunua au kutumiwa haina adhabu yoyote kwetu. Ilete tu ipimwe kabla hujailalia.

Usisubiri miadi, nenda hospitali iliyo karibu mara moja, ikiwa tumbo limekuwa gumu na linauma sana, huwezi kutoa upepo wala haja, unatapika mfululizo au unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au kifua kinauma. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au umio hivi karibuni asivae barakoa kabla daktari aliyempasua hajaruhusu.

Kwa tumbo la kawaida la asubuhi, kaa wima, inama mbele kidogo, kisha tembea uani hadi mbweu zitoke. Andika kwenye daftari saa uliyokula, ubavu uliolalia, na saa tumbo lilipotulia. Usiku tano au sita zinatosha. Yule wa "mpira" alileta ukurasa mmoja ulioandikwa na mkewe, na kwenye mistari minne kati ya sita alikuwa ameandika: "amelala chali, mdomo wazi." Tulimpa mkanda wa kidevu, na presha hatukuigusa.