Besiboli ya Marekani: ramani inayowafungia mashabiki na kuzineemesha timu chache

Jimbo la Iowa halina hata timu moja ya Ligi Kuu ya Besiboli. Hata hivyo timu sita zimelihesabu kuwa eneo lao: Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals ya St. Louis, Royals ya Kansas City, Brewers ya Milwaukee na Twins ya Minneapolis. Kwa miaka mingi mkazi wa hapa aliyelipia MLB.TV, huduma ya ligi yenyewe ya kuonyesha mechi mtandaoni, alikuta timu zote hizo sita zimefungwa kwake, ziwe nyumbani au ugenini. Cubs ikienda kucheza California, bado hauioni. Utaonyeshwa Seattle, utaonyeshwa Miami. Zilizo jirani nawe, ambazo ndizo unazozishabikia, ulikuwa hupewi.

Mimi naishi Des Moines, na kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa mikataba ya chaneli za televisheni: nani anaruhusiwa kurusha nini, wapi, na kwa bei gani. Waswahili wenzangu wa huku huniletea malalamiko ya aina mbili kuhusu besiboli. Wa kwanza anasema, "Nimelipa lakini sioni." Wa pili anasema, "Hii ligi ni ya matajiri, Dodgers wananunua kila mchezaji." Wanadhani ni mambo mawili tofauti. Chanzo chake ni kimoja, nacho ni ramani ya maeneo ya matangazo.

Besiboli huchezwa karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Kila timu ina mechi 162, na timu ziko 30, kwa hiyo msimu wa kawaida una mechi 2,430. Hakuna chaneli ya taifa inayoweza kubeba mzigo huo. Ndiyo maana tangu zamani kila klabu imekuwa ikiuza mechi zake nyingi kwa chaneli ya mkoa wake. Chaneli hiyo huziuzia kampuni za kebo na za setilaiti, na kampuni hizo huongeza gharama kwenye bili ya kila kaya, anayetazama besiboli na asiyetazama. Kwa miongo kadhaa hilo ndilo lililoleta fedha nyingi: bibi asiyejua hata mpira unarushwaje alikuwa anachangia mshahara wa mrushaji kila mwezi.

Chaneli haiwezi kutoza bei hiyo kama mtu anaweza kuikwepa kwa kulipia MLB.TV. Kwa hiyo inadai iwe peke yake katika eneo lote lililochorwa, na ligi inakubali kufunga huduma yake yenyewe ndani ya mipaka hiyo. Kinachoniuma zaidi ni hiki: kufuli linabaki hata pale ambapo kampuni ya kebo ya mtaani kwako haikuichukua chaneli hiyo. Chaneli ikigombana na kampuni ya kebo kuhusu bei na ikaondolewa, eneo linabaki kuwa lake. Kwa miaka mingi mtazamaji hakuwa na pa kununulia, na fedha alikuwa nazo mkononi. Milwaukee ni zaidi ya saa tano kwa gari kutoka hapa, kwa hiyo usimwambie mtu aende uwanjani.

Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu alinipigia simu kuhusu jambo hili. Mwanawe anacheza besiboli shuleni, na alikuwa amemlipia msimu mzima. "Papa, pesa wamekata, mbona hawamfungulii mtoto?" Nikaenda kuangalia. Kwenye skrini ratiba ilikuwa imejaa mechi, na ile ya Cubs ilikuwa na alama ya kufungwa pamoja na maelezo kwamba haipatikani katika eneo lake. Huduma hiyo inatambua mahali ulipo kwa anwani ya mtandao, au kwa simu yenyewe kusoma ulipo, kisha inalinganisha na msimbo wa posta. Mechi hufunguliwa takriban dakika 90 baada ya kumalizika, mtoto wa shule akiwa ameshalala. Kijana huyo anaipenda Cubs kwa sababu ya msingi kabisa: Iowa Cubs, timu inayowalea wachezaji kabla ya kupandishwa Chicago, inacheza hapahapa Des Moines katika uwanja wa Principal Park. Anamwona mchezaji uwanjani, anamshangilia, mchezaji anapandishwa, na kuanzia siku hiyo hamwoni tena mubashara.

Tarehe 12 Agosti 2021 ligi ilikuja Iowa kwa mara ya kwanza. Ilijenga uwanja wa muda wa watu wapatao 8,000 katikati ya mashamba ya mahindi huko Dyersville, White Sox wakaifunga Yankees 9–8 kwa pigo la mwisho la Tim Anderson lililotua kwenye mahindi. Ilirushwa na Fox kwa nchi nzima, na jimbo zima lilijivunia. Baada ya hapo White Sox walirudi kuwa timu tusiyoruhusiwa kuitazama kwenye MLB.TV.

Wengi hudhani ni shida ya majimbo madogo tu. Los Angeles yaliwakuta makubwa zaidi. Mwaka 2013 Dodgers, timu ya jiji hilo, waliingia mkataba wa miaka 25 na kampuni ya kebo ya Time Warner Cable, ulioripotiwa kuwa wa dola bilioni 8.35, na chaneli yao ikaanza 2014. Kampuni nyingine kubwa, ikiwemo DirecTV, zilikataa bei. Zaidi ya nusu ya kaya za jiji hazikuwa na timu yao kwenye televisheni, na mgogoro huo ulidumu hadi Aprili 2020. Juni 18, 2014, mrushaji wa Dodgers, Clayton Kershaw, alirusha mechi nzima bila wapinzani wao Rockies kupata hata pigo moja, akawatoa wapigaji 15 kwa straiki (mipira waliyoshindwa kuipiga), na sehemu kubwa ya jiji lake haikuona. Mtangazaji Vin Scully, aliyeanza kuitangaza timu hiyo mwaka 1950 ilipokuwa bado Brooklyn, New York, alimalizia miaka yake ya mwisho katika giza hilo. Sauti yake ya televisheni ilirushwa pia redioni, lakini kwa ining'i (vipindi vya mchezo) tatu za kwanza tu. Asiye na chaneli alimsikia mzee kidogo kisha akapewa mtangazaji mwingine. Alipokaribia kustaafu mwaka 2016, mechi chache za mwisho zilipelekwa kwenye kituo cha bure cha KTLA.

Sasa gawanya hizo bilioni 8.35 kwa miaka 25. Unapata wastani wa dola milioni 334 kwa mwaka. San Diego, jiji lililo chini ya kilomita 200 kutoka hapo na ambalo timu yake iko katika kundi moja na Dodgers, lilikuwa na mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola bilioni 1.2 kwa miaka 20, yaani milioni 60 kwa mwaka. Wanashindana mara nyingi kila msimu, kwa sheria zilezile. Mmoja anaanza mwaka na zaidi ya mara tano ya fedha za televisheni za mwenzake, kwa sababu tu ya idadi ya kaya zilizo ndani ya mstari wake.

Upo utaratibu wa kugawana: klabu huchangia asilimia 48 ya mapato yao ya ndani kwenye mfuko unaogawiwa sawa kwa zote 30. Unasaidia, ila pengo halizibiki. Mwaka 2025 Dodgers na Mets ya New York kila mmoja alilipa wachezaji zaidi ya dola milioni 300; Marlins ya Miami walilipa chini ya milioni 100. Nyota wa Kijapani Shohei Ohtani alisaini na Dodgers dola milioni 700 kwa miaka 10 na akakubali milioni 680 zilipwe baadaye, kuanzia 2034. Klabu inayothubutu kuahidi deni kama hilo ni ile yenye uhakika wa mapato. Dodgers wakatwaa ubingwa 2024, wakarudia 2025, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Yankees ya 1998 hadi 2000.

Siwalaumu Dodgers kwa kutumia. Nawalaumu zaidi wamiliki wanaopokea mgawo na kukataa kusajili. Lakini mpangilio wenyewe ndio mbovu, na ushahidi uko Kansas City, ambako viwanja viwili vinashiriki eneo moja la kuegesha magari. Kimoja ni cha Chiefs, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ambako fedha za televisheni ya taifa hugawanywa sawa kwa timu zote 32. Chiefs wameweza kuwalipa nyota wao na kubaki nao, wakatwaa ubingwa mara tatu katika miaka mitano. Cha pili ni cha Royals. Wao walitwaa ubingwa 2015, jiji likajaa shangwe, kisha miaka miwili baadaye wachezaji muhimu wa kikosi kile wakamaliza mikataba na kuondoka. Mji ni uleule na mashabiki ni walewale.

Je, sheria haizuii ukiritimba wa namna hii? Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba besiboli si biashara kati ya majimbo, kwa hiyo sheria za kuzuia ukiritimba haziigusi. Mwaka 1972, katika kesi ya mchezaji Curt Flood, mahakama hiyohiyo ilikiri kwamba ni biashara kati ya majimbo, lakini ikaiachia Bunge kurekebisha. Bunge lilirekebisha upande wa wachezaji tu, mwaka 1998. Mashabiki walifungua kesi kuhusu matangazo mwaka 2012, na Jaji Shira Scheindlin akakataa kuipa ligi kinga hiyo katika suala la televisheni. Kesi ikaisha kwa maelewano Januari 2016. Bei ilishuka, na vifurushi vya timu moja moja vikaanza kuuzwa. Kufuli la maeneo halikuguswa.

Kilichoanza kulifungua ni kuporomoka kwa kebo. Watu wanakata kebo, yule bibi halipi tena, na Machi 2023 Diamond Sports Group, iliyokuwa na chaneli za timu nyingi, iliomba ulinzi wa mufilisi. Ilipoacha kuwalipa Padres, timu ya San Diego, ligi ilichukua matangazo yao kuanzia Mei 31 mwaka huo, ikaondoa kufuli na kuwauzia watu wa San Diego moja kwa moja. Ila kwa msimu huo ligi iliihakikishia klabu asilimia 80 tu ya fedha za mkataba wa zamani. Mtazamaji alipata nafuu, timu ikazidi kuwa nyuma ya Dodgers.

Ndiyo maana nasema haki ya mtazamaji na haki ya timu zishughulikiwe pamoja: haki zote za matangazo ziwekwe kapu moja, ziuzwe kwa nchi nzima bila mipaka, na fedha zigawanywe kwa usawa mkubwa zaidi. Kamishna Rob Manfred anataka kuelekea huko mikataba ya taifa itakapoisha 2028. Watakaokataa ni klabu zenye hisa katika chaneli zao, kama Yankees, Red Sox na Cubs, na zina kura. Mkataba wa ligi na wachezaji nao unafikia mwisho Desemba 1, 2026. Wamiliki wakianza na kuweka kikomo cha mishahara bila kugusa ramani, watakuwa wamewakata wachezaji na kuacha ugonjwa ulipo.

Kwa mnaoishi huku: kabla ya kulipa, ingiza msimbo wako wa posta kwenye ukurasa wa MLB.TV uone timu zipi zimefungwa, na rudia kila msimu kwa sababu klabu zinahama. Twins, kwa mfano, ligi ilianza kuwarushia matangazo yao 2025, na kifurushi chao kikauzwa bila kufuli katika eneo lao. Matangazo ya sauti hayafungwi popote.